Bandari ya Sebuleni kwa Bi Siwema

Jamhuri ya Nchikavu haina bahari. Nalisema hili mapema ili nisije kuonekana naficha kitu. Nalisema pia kwa fahari, kwa kuwa serikali yetu imekwisha kutueleza redioni kwamba bahari huleta unyevu, kutu na wageni. Tunayo milima upande wa kaskazini, vumbi upande wa kusini, na pande mbili zilizobaki tunao majirani ambao hatusalimiani nao.

Katika nchi hii, mtaa wa Amani Daima, jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Bi Siwema Mtupa, mjane na mwalimu mstaafu wa darasa la pili. Kazi ile ilikuwa imemwachia tabia moja: chochote alichoambiwa alikirudia kwa sauti, neno kwa neno, kana kwamba nyuma yake kuna watoto wanaotakiwa kuandika.

Mwanawe wa pekee, Hidaya, alikuwa nje. Aliondoka kwa ufadhili wa masomo, kabla pasipoti hazijapumzishwa. Msomaji wa nchi nyingine huenda akalishangaa neno hili. Kwetu pasipoti hazikufutwa hata kidogo. Mtukufu Rais aliona tu kwamba zimechoka, akaagiza zipumzike, nazo zikapumzika. Hivyo Hidaya kama angerudi asingetoka tena, na mama yake hakuwa na njia ya kumfuata. Huko aliko aliolewa, akashika mimba ya kwanza, na mimba ikawa ngumu. Shinikizo la damu lilipanda, miguu ikavimba, na madaktari wakasema atapasuliwa Alhamisi asubuhi. Alimwomba mama yake jambo moja tu, wawe wanazungumza kwenye simu mpaka dakika atakayoingizwa chumba cha upasuaji.

Simu yenyewe ilikuwa zawadi ya serikali, katika mpango uitwao Simu kwa Kila Sebule. Siku ya uzinduzi Waziri alisimama juani na suti nzito akatamka maneno ambayo tuliyapigia makofi sana: "Kuanzia leo, sauti ya mwananchi itasafiri bila kumhitaji mwananchi." Kisha kila nyumba ikapewa simu ya intaneti na kisanduku chenye taa.

Jumanne ya wiki ile simu ya Bi Siwema ikanyamaza. Akainua mkonga wa simu, kimya. Akaurudisha, akauinua tena, kimya. Alichukua simu yake ndogo ya mkononi, akasogea dirishani kwenye mtandao mzuri, akapiga huduma kwa wateja ya Shirika la Mawasiliano.

Aliyepokea alikuwa mtu mpole. Alimtajia jina lake, nami pia nalijua, lakini sitaliandika hapa kwa kuwa bado yuko kazini. Alimwuliza kama ameketi, akamsubiri atafute miwani, kisha akamweleza taratibu. Kile kisanduku kinaitwa ruta, na kazi yake ni kupokea intaneti inayoingia nyumbani na kuigawa kwa kila chombo. Mtu akizungumza katika simu ya intaneti, sauti yake hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubandikwa anwani ya inakokwenda, na zikifika huunganishwa zikawa sauti tena. Ndani ya ruta kuna mlinzi aitwaye ukuta wa moto, anayezuia vitu asivyovijua. Kuna pia vijilango vingi vyenye namba, ambavyo mafundi huviita bandari, na simu ina cha kwake. Kwa Bi Siwema, yule mlinzi alikuwa ameifunga bandari ya simu kwa kosa. Pakiti zilikuwa zinafika mlangoni na kupotelea hapo.

Bi Siwema alielewa kiasi, akashukuru, akaanza kurudia maagizo kwa sauti yake ya darasani.

"Kwanza nishushe ukuta wa moto. Ndiyo. Halafu nifungue bandari. Pakiti zote zipite, zisizuiwe na mtu. Kisha nizime kila kitu, nihesabu mpaka kumi, niwashe."

Kila mtaa una msikilizaji wake, mtumishi wa serikali anayekaa chini ya dirisha alipendalo. Wa mtaa wetu alikuwa chini ya dirisha hilo. Bi Siwema hajamaliza hata kuivuta meza ya ruta, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa teke. Walimchukua na kanga zake za nyumbani. Ruta waliifunga kwenye blanketi lililoloweshwa maji, kwa sababu ya ule moto.

*

Idara ya Maana ndiyo inayotulinda dhidi ya maneno. Mkuu wake, Kamishna Lugendo, ni mtu asiyepandisha sauti, na wanaomfahamu husema afadhali angekuwa anapandisha. Pembeni yake aliketi Profesa Kasambala, Mfasiri Mkuu wa Taifa, ambaye akishalipa neno maana, neno lenyewe halina pa kukata rufaa.

Kamishna aliuliza bandari iko wapi. Bi Siwema akajibu kwa heshima kwamba iko ndani ya ruta. Profesa alitabasamu kwa huzuni. Alieleza kwamba bandari, kwa kauli ya wataalamu wote, ni mahali pa kutia nanga meli. Nchikavu haina bahari. Kwa hiyo bandari inayozungumzwa imefichwa pamoja na bahari yake, na bahari iliyofichwa ni hatari kupita ile inayoonekana. Kamishna aliinua simu, na mchana huohuo kikosi cha jeshi kikapelekwa kusini kuitafuta bahari, kwa amri ya kuonja kila dimbwi watakalolikuta.

Waliendelea. Ukuta utakaoshushwa ni upi? Profesa alisema ukuta mkubwa kuliko zote nchini ni wa Ikulu. Bi Siwema akajaribu kueleza kwamba ukuta huo hauna matofali, ni mlinzi tu. Karani akaandika kwamba mtuhumiwa anakusudia kumshusha mlinzi. Akaeleza kwamba kinachokatwa vipande ni sauti. Karani akauliza sauti ya nani. Alipojibu kwamba ni ya yeyote anayezungumza, Profesa alivua miwani na kumtazama Kamishna kwa muda mrefu. Kila alipofafanua, kosa lilizidi kunenepa. Mwishowe akaacha kufafanua.

Siku ya pili, yaani Jumatano, Kamishna aliwatoa wote nje, akasogeza kiti chake.

"Mama, wewe si mtu mbaya," alimwambia. "Kuna mtu alikuelekeza kwenye simu. Nitajie jina lake. Ukilitaja, leo unalala kwako, na chombo chako unarudishiwa. Najua kesho binti yako anapasuliwa."

Bi Siwema alishtuka kwamba anajua. Jina lilikuwa mdomoni, fupi, jepesi. Alimfikiria Hidaya amelala kitandani akiitazama simu isiyoita. Halafu akaikumbuka ile sauti iliyomsubiri atafute miwani bila kuguna. Aliona jinsi blanketi jingine litakavyoloweshwa maji na mlango mwingine utakavyopigwa teke.

Alisema amefundisha watoto wengi mno maishani, majina yanamchanganya.

Kamishna aliinuka. "Kuna chumba nyuma hapo. Watu huingia na jina la mwenzao, wakitoka hawakumbuki hata la kwao. Fikiria mpaka kesho."

Alifikiria. Hakulala, na hakubadili jibu.

*

Kilichomwokoa na chumba kile ni utaalamu wa Profesa. Wanajeshi walikuwa wamerudi kutoka kusini wakiharisha, bahari hawakuiona. Profesa akashauri kwamba, kwa kuwa bandari haionekani ikiwa imefungwa, basi ifunguliwe. Kosa litendwe upya mbele ya mashahidi, chini ya ulinzi, na mhalifu mwenyewe. Bandari itakapofunguka itajulikana ilipo, na jeshi litaiteka.

Alhamisi asubuhi, basi, mtaa wetu ulijaa. Zimamoto walipanga mpira wao mpaka sebuleni kwa Bi Siwema, tayari kwa ukuta. Askari walizunguka nyumba. Sisi majirani tuliamriwa kukaa ndani na kutoangalia, na tuliangalia kupitia mapazia kwa utii mkubwa.

Bi Siwema aliletwa, akawekwa mbele ya ruta yake. Ilikuwa bado na unyevu wa blanketi, na aliogopa kwamba haitawaka kabisa. Aliipangusa kwa upindo wa kanga, akaichomeka kwenye umeme, akakaa mbele ya kompyuta ndogo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mara mbili alikosea nywila, na mara zote mbili askari walishika bunduki vizuri zaidi. Alipofika pa ukuta wa moto akasema, kwa mazoea, "Nashusha," na zimamoto wakainama. Alipofika pa bandari akasema, "Nafungua," na Kamishna Lugendo akafumba macho.

Akaizima ruta, akahesabu mpaka kumi, akaiwasha. Taa iliwaka nyekundu. Ikakaa nyekundu kwa muda. Kisha ikageuka kijani, na simu ikaita.

Kamishna alimshika kifundo cha mkono. "Usipokee."

"Ni mwanangu."

"Ni meli," Profesa alinong'ona.

Simu iliendelea kuita. Bi Siwema hakujaribu kujinasua. Alimtazama tu Kamishna usoni, na Kamishna akawa anaitazama simu. Mkuu wa zimamoto, mtu wa vitendo, ndiye aliyesema kwamba simu ikikatika hawatajua kamwe ilikuwa inatoka wapi. Mkono wa Kamishna ukalegea.

Sauti ya Hidaya ilikuja imekatikakatika, pakiti nyingine zikipotea njiani. Alikuwa amepiga tangu alfajiri. Alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu tayari, na muuguzi alikuwa amemruhusu kupiga mara moja ya mwisho.

"Mama, nilidhani hutapokea."

"Niko hapa," Bi Siwema alisema. "Siondoki hapa. Nenda, mwanangu, nakusikiliza."

Simu ikachukuliwa na mkwewe, aliyebaki mlangoni. Hakuna aliyezungumza, huku wala huko. Kamishna, Profesa, zimamoto na askari walisubiri meli. Bi Siwema alisubiri mwanawe. Walisubiri pamoja mpaka jua likahama kwenye kiti. Ndipo kutoka kwenye ile simu kikasikika kilio cha mtoto mchanga, chembamba, cha hasira, na kijana mmoja katika askari akajikuta ameishusha bunduki.

Mtoto alikuwa salama. Hidaya, mkwe alieleza, alikuwa hai lakini amepoteza damu nyingi, na yeye mkwe hakujua atawezaje peke yake kumhudumia mtoto na mgonjwa. Alimsihi mama aje. Kisha, kwa aibu, akakumbuka ni nchi gani anapigia, akaomba radhi.

Profesa aliandika taarifa: bandari ipo, imefunguka saa nne na nusu, na mtu mmoja amewasili bila nguo wala hati.

*

Kamishna aliipeleka taarifa Ikulu mwenyewe, huku ameaga watoto wake. Lakini mambo yalikwenda vingine. Kwa muda mrefu Mtukufu Rais alikuwa akiumia katika mikutano ya marais, wenzake wakizungumzia bandari zao naye akijifanya anasoma ajenda. Aliposikia kwamba bandari imepatikana, tena ndani ya mipaka, tena bila bahari yenye kutu, machozi yalimtoka.

Wiki hiyohiyo alikuja kuifungua. Utepe ulifungwa kuanzia kabati la vyombo mpaka kwenye kochi. Alihutubia akiwa amesimama kwenye mkeka, akasema kwamba mataifa mengine yalipewa bandari na maumbile, ila Nchikavu imeipata kwa uongozi. Akakata utepe. Ruta ikapigiwa mizinga.

Kuanzia hapo kesi ya Bi Siwema ilikosa miguu. Hakuna mahakama inayoweza kumshtaki mtu kwa kufungua kile alichofungua Rais. Kamishna alimwachia huru kwa maneno machache, macho yakimwahidi mengi. Msako wa yule wa huduma kwa wateja uliachwa, Shirika likapewa nishani, na yeye akaendelea kuwaambia watu wazime na kuwasha.

Bi Siwema alirudi kwake, ila nyumba haikuwa yake tena sana. Mlinzi mwenye bunduki aliwekwa mlango wa jikoni. Mtu wa forodha alikaa kwenye kochi, akikagua kila simu inayoingia. Mezani, kando ya ruta, aliketi Afisa Uhamiaji, Bi Tunu Magoma, mwanamke wa makamo, mwenye muhuri mpya na sanduku la pasipoti zilizoamshwa usingizini, kwa kuwa bandari bila pasipoti ingechekwa na majirani.

Kila siku Bi Siwema alizungumza na mwanawe mbele yao. Kila siku sauti ya Hidaya ilipungua nguvu. Kidonda kilikuwa kimeingia uchafu, homa ilikuwa inapanda na kushuka. Siku moja alimwambia mama yake kwamba hawezi kumwinua mtoto, akanyamaza, na kimya kile hakikuwa cha pakiti.

Alasiri hiyo Kamishna Lugendo alifika, amekonda. Mtukufu Rais alikuwa ameuliza bandari yake imesafirisha abiria wangapi. Jibu lilikuwa hakuna. Kamishna aliwaambia watumishi wote wa bandari kwamba lazima abiria wapatikane kabla ya Ijumaa, la sivyo wao ndio watakaotafutwa. Akaondoka bila kunywa chai.

Bi Tunu alibaki ameukodolea macho muhuri wake. Bi Siwema alitoka jikoni akifuta mikono.

"Niandike mimi," alisema.

Bi Tunu aliinua uso. Alimwuliza anasafiri kwenda wapi. Kwa mwanangu, alijibu. Kwa njia gani? Kwa bandari hii. Bi Tunu alimtazama kwa muda mrefu, akatazama pia mlinzi, mtu wa forodha, kisha picha ya Hidaya ukutani. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, na hakusema kwamba ameelewa. Alitoa pasipoti sandukuni, akaijaza kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri kwa kishindo kilichosikika mpaka kwangu. AMETOKA.

"Safari njema, dada," alisema. "Kuanzia sasa haupo."

Bi Siwema alichukua mkoba wake, akapita mlango wa jikoni. Mlinzi akauliza nani huyo anayepita. Bi Tunu, bila kuinua kichwa, akajibu kwamba hakuna mtu, abiria amekwisha kuondoka kwa bandari. Mlinzi alifikiri, akaona ni kweli kwa mujibu wa kitabu, akampisha.

*

Alipanda lori la vitunguu mpaka mpaka wa magharibi. Pale kuna kizuizi cha chuma, kibanda, na upande wa pili nchi ya watu ambao hatusalimiani nao. Askari wa zamu alipoiona pasipoti, akidhani bado zimepumzika, alimkamata mara moja, akamsimamisha ukutani. Halafu akaifungua na kusoma muhuri. Akasoma tena. Kwa mujibu wa serikali, mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa ametoka nchini siku iliyotangulia.

Kama ametoka, atamkamataje akiwa anatoka? Na kama hajatoka, muhuri ni wa uongo, na bandari je? Askari hakutaka kubeba mzigo huo peke yake. Aliipigia simu Idara ya Maana, akaunganishwa na Kamishna Lugendo mwenyewe.

Bi Siwema aliisikia ile sauti isiyopanda ikiuliza jina, ikiuliza tena jina. Alishika ukuta. Upande wa pili wa kizuizi aliona mama mmoja akiuza ndizi kwa utulivu, karibu kiasi cha kuweza kumwita.

Kamishna alinyamaza. Naamini hakuna kimya kilichowahi kuwa kirefu hivyo katika Idara ile. Kumrudisha ilikuwa ni neno moja tu. Lakini neno hilo lilikuwa na maana, na maana yake ni kwamba bandari haipo, na Mtukufu Rais alisimama kwenye mkeka akakata utepe wa bure.

"Huyo mtu hayupo hapo," Kamishna alisema hatimaye. Askari aliuliza afanye nini naye. "Nimekwambia hayupo. Unazuia nini?"

Kizuizi kikainuka. Bi Siwema alivuka kwa miguu, mkoba kifuani, bila kugeuka nyuma. Ilimchukua mabasi na siku nyingi kufika. Tunajua alifika, kwa sababu simu iliita sebuleni kwake, na mtu wa forodha alipopokea alimsikia akimwimbia mtoto, na nyuma yake Hidaya akimwomba apunguze sauti kwani mtoto amelala.

Takwimu zilipelekwa Ikulu: abiria mmoja. Mtukufu Rais alifurahi, akataka zaidi.

Idara imetangaza majuzi kwamba Nchikavu sasa inaongoza kwa abiria miongoni mwa nchi zote zisizo na bahari. Mimi, kama raia mpenda maendeleo, nilikwenda kujionea. Foleni ilianza mezani kwa Bi Tunu, ikapita jikoni, ikazunguka uani, ikatokeza barabarani hadi dukani. Watu walikuwa wametulia, kila mmoja na mkoba mdogo, hakuna aliyemtazama mwenzake sana. Bwana aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaniuliza kwa upole kama nami nasafiri. Nikamwambia hapana, nimekuja kutazama tu. Akaitikia kwa kichwa. Foleni ikasogea, nami nikaokota begi langu chini, nikasogea nayo.